Mfano Uliokosa Muhuri

Bi Vitenzi aliporudi kazini baada ya msiba, alikuta vumbi limelala juu ya meza yake, na kikombe chake kimenywewa chai na mtu ambaye hakujisumbua kukiosha. Alikiosha yeye. Alipangusa meza kwa kitambaa chenye maji, akachonga penseli, kisha akageuza kiti chake ili kisitazame dirisha. Ng'ambo ya barabara ilikuwa hospitali, na kutoka kwenye kiti hicho mtu aliweza kuona wodi ya watoto, pazia kwa pazia.

Wenzake walipita mmoja mmoja kumpa pole. Alijibu, "Nimeshapoa," kama inavyojibiwa, ingawa hakuwa amepoa hata kidogo. Ofisi ya kamusi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitanda, na mtu akipigilia msumari kule chini vikombe vilitikisika huku juu. Walikuwa wakitunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Bi Vitenzi ndiye aliyeandika vitenzi vyote tangu herufi A, na jina lile alibandikwa na wenzake likamganda.

Msiba wenyewe ulitokea hivi. Binti yake wa pekee alilazwa kwa homa katika wodi ile ile. Asubuhi Bi Vitenzi alimsimamisha Mhariri Mkuu ukumbini akamwomba ruhusa akamuuguze. Wiki ile herufi K ilikuwa inatakiwa kwa mpiga chapa. Mhariri Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akasema, "Hospitali si hiyo hapo, mama? Utamwona saa ya chakula cha mchana. Wauguzi wapo. Wewe si daktari." Basi Bi Vitenzi akarudi kwenye meza yake kusahihisha ukurasa wa knee na knife, wenye magoti na visu. Kabla ya saa ya chakula aliinua macho akaona muuguzi anavuta pazia la kitanda cha binti yake, analivuta lote, mpaka ukutani. Baadaye aliambiwa kwamba mtoto alimwita mpaka dakika ya mwisho.

Sasa amerudi, na Mhariri Mkuu alikuja na kadi tupu akaziweka mezani kwake taratibu. Alikuwa mpole sana kila alipogawa kazi. Mnyororo wa funguo ulimning'inia kiunoni, ukilia cheng'e cheng'e, na ghorofa nzima ilijua alipo kwa mlio huo.

"Nimekuwekea hiki," alisema. "Ndicho kitenzi cha mwisho kilichobaki katika juzuu ya kwanza. Wewe kitakutoka haraka, maana una uzoefu nacho."

Kilikuwa kitenzi kifupi cha Kiingereza, lose, ambacho kila mwanafunzi anakijua na hakuna mtunzi wa kamusi anayekipenda. Kiingereza kimewapangisha wapangaji wengi katika chumba kimoja. Aliyepoteza kalamu yumo humo, aliyepotea njia yumo, aliyekonda, aliyeshindwa mchezo, mwenye saa inayochelewa, na mwisho kabisa, kwenye kona, aliyefiwa. Kwa Kiswahili kila mmoja wao ana nyumba yake na mlango wake. Kazi ya Bi Vitenzi ilikuwa kuwatoa mmoja mmoja, kuanzia jambo dogo hadi kubwa, na kila maana kuipa mfano wake kwenye kadi.

Ofisi ile ilikuwa na kanuni moja ambayo ofisi nyingine hazina. Mfano lazima uwe ni jambo lililotokea kweli. Kanuni aliitunga Mhariri Mkuu mwenyewe, kwa sababu katika toleo la zamani mtu aliandika kwamba tembo alipanda ngazi, na msomaji mmoja akaja mpaka ofisini kuuliza ngazi hizo ziko wapi. Alizungushwa siku nzima, aibu ikawa kubwa. Tangu hapo kila kadi ilipelekwa kwa Mzee Muhuri, mhakiki. Yeye alitoka na kofia yake kwenda kuuliza: je, ni kweli ng'ombe wako alivunja ua? Ni kweli huyu alimwazima yule baiskeli? Wakikiri, hugonga muhuri. Mfano uliogongwa muhuri hautolewi, hata mbingu zishuke.

Bi Vitenzi alishika penseli. Alitaka kuandika habari za mwanafunzi na kalamu yake, jambo la kawaida tu, lakini mkono haukutaka. Hasira ilimwandikia: *Mhariri Mkuu alipoteza funguo zake.* Alijua ni uongo, maana alizisikia zikilia wakati ule ule. Alijua kadi itarudi na mstari mwekundu. Hata hivyo aliipeleka, akajisikia nafuu kidogo.

Mzee Muhuri alivaa kofia, akaenda mpaka mwisho wa ukumbi. Alimkuta Mhariri Mkuu amegeuza mifuko nje, na mnyororo unaning'inia mtupu.

"Zimepotea?"

"Nashangaa. Sasa hivi tu zilikuwa hapa."

"Zimepotea au hazijapotea? Nina kadi nyingine za kuhakiki."

"Zimepotea."

Mhariri Mkuu akatia sahihi, Mzee Muhuri akagonga muhuri, na kadi ikaingia kwenye sanduku la kadi zilizokwisha. Siku hiyo fundi aliitwa kuvunja kitasa.

Ofisini hakuna aliyeshtuka. Watu wa kamusi wameshaona mengi. Walipokuwa kwenye herufi F, kwa neno flood, maji yalijaa chumbani hadi magotini. Waliinua miguu wakaendelea na kazi. Mtunzi wa herufi G alipoandika grass aliotwa na nyasi kichwani, na mpaka leo zinafyekwa kila Ijumaa kwa mkasi wa karatasi. Kazi ni kazi.

Bi Vitenzi aliitazama ile kadi yenye muhuri kwa muda, kisha akavuta nyingine. *Mhariri Mkuu alipotea njia akirudi nyumbani.* Nyumba yake ilikuwa mwisho wa barabara iliyonyooka, mtu angeweza kufika amefumba macho. Jioni aliondoka ofisini na asubuhi alionekana akitoka upande wa kiwanda cha sabuni, viatu vimechakaa, anamuuliza muuza magazeti huu ni mji gani. Mzee Muhuri alimhakiki pale pale barabarani.

Akaandika kwamba Mhariri Mkuu alipungua uzito, na suruali zikaanza kumvuka. Alizifunga kwa kamba ya kufungia mafurushi. Akaandika kwamba saa ya Mhariri Mkuu ilichelewa, naye akawa anaingia kwenye vikao watu wakitoka. Akaandika kwamba alishindwa mchezo wa drafti. Mhariri Mkuu hakuwahi kushindwa drafti tangu ofisi ifunguliwe, kwa sababu kila mtu alijua faida ya kushindwa na mkubwa wako. Siku hiyo alishindwa na wote, hata na mama wa chai, ambaye alikuwa akijifunza.

Alifurahi Bi Vitenzi, na tuseme ukweli, alifurahi sana. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajakionja kikiwa cha moto. Kila alfajiri aliamka na mfano mpya mdomoni, akavaa, akawahi ofisini kabla ya mfagizi. Kwa muda mfupi alisahau hata nyumba yake ilivyokuwa kimya. Alipoandika kwamba Mhariri Mkuu alipoteza kivuli chake, alienda mwenyewe uani saa sita mchana kuhakikisha. Mhariri Mkuu alikuwa amesimama juani akiongea na dereva, na chini ya miguu yake sakafu ilikuwa nyeupe tupu. Dereva alikuwa na kivuli. Gari lilikuwa na kivuli. Hata kamba iliyofunga suruali ilikuwa na kivuli chake, kimoja, chembamba, kinaelea juu ya saruji.

"Hakinisaidii kitu ofisini," Mhariri Mkuu alisema kuhusu kivuli, akatia sahihi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuikataa mifano hiyo. Angeikataaje, na ilikuwa ya kweli? Halafu aliipenda. Alizisoma kadi kwenye kikao, amejikunja ndani ya koti lililomzidi, akasema, "Mifano ya namna hii ndiyo ninayoitaka. Mifupi. Inaeleweka. Igeni." Kamusi ile ilikuwa kila kitu kwake. Jalada lilikuwa limekwisha kuchapwa na lilitundikwa ukutani nyuma ya kiti chake, jina lake peke yake kwa herufi za dhahabu.

Naye alikuwa na binti. Alisoma darasa moja na binti wa Bi Vitenzi, na kila alasiri alikuja ofisini na sare yake ya shule, akakaa kwenye benchi ukumbini kumngoja baba yake. Alasiri moja alisogea mpaka mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Alisimama akikwaruza mkanda wa mkoba. "Kiti chake hakuna anayekikalia. Mwalimu amesema tukiache hivyo mpaka shule ifungwe. Mimi ndiye ninayekifuta."

"Ahsante, mwanangu."

"Hakichafuki sana," mtoto akasema, akarudi kwenye benchi.

Bi Vitenzi hakuandika tena siku hiyo. Zilikuwa zimebaki maana chache, na zote zilielekea kwenye ile ya mwisho, ya kufiwa. Ofisi nzima iliijua. Mtunzi wa herufi G aliacha kumtania. Mama wa chai alimletea chai na kuondoka bila neno, na kwa mama wa chai hilo halikuwa jambo dogo. Hatimaye kadi ya mwisho ilibaki tupu mezani, na Mhariri Mkuu alikuja mwenyewe akavuta kiti.

"Mama," alisema, "hiyo iliyobaki."

"Ndiyo."

"Nimefikiri. Umefanya kazi sana. Pumzika. Nakupa ruhusa, hata mwezi mzima. Kadi moja mtu yeyote ataimalizia."

Bi Vitenzi alimtazama yule mtu mwembamba asiye na kivuli. Maneno aliyoyaomba ukumbini siku ile, sasa yaliletwa mezani kwake bure, na yamekwisha kuoza.

"Ruhusa nikamuuguze nani?" aliuliza.

Mhariri Mkuu alikuna kidevu.

"Nina mifano miwili ya maana hii," Bi Vitenzi akasema, "na nafasi ni ya mmoja. Wa kwanza ndio huu." Akaandika mbele yake, kwa mwandiko wake mzuri: *Mtunzi wa vitenzi alimpoteza binti yake, aliomba ruhusa ya kumuuguza na Mhariri Mkuu akamnyima.* "Huu umekwisha kutokea. Kiri tu, ugongwe muhuri, uchapwe, tumalize. Mwingine uko kwenye droo. Huo bado haujatokea."

Hakuhitaji kuifungua. Nje, kwenye benchi, binti wa Mhariri Mkuu alikuwa akining'iniza miguu na kusoma kwa sauti ndogo hesabu za kuzidisha.

Mzee Muhuri aliitwa. Alivaa kofia ingawa hakuwa anakwenda popote, akaisoma kadi, akakohoa.

"Mkuu, ni kweli ulimnyima ruhusa?"

Mhariri Mkuu aliangalia ukutani ofisini kwake, kupitia mlango ulioachwa wazi kwa kukosa funguo. Jalada la dhahabu liling'aa. Aliangalia droo. Akamwangalia mtoto kwenye benchi, akamwangalia sawasawa, hatuwezi kusema hakumwona. Kisha akasema, "Sikumbuki."

"Sema tena," alisema Bi Vitenzi.

"Watu wengi huniomba ruhusa ukumbini. Sikumbuki."

Bi Vitenzi alimgeukia Mzee Muhuri. "Wewe ulikuwepo. Ulisimama pale mlangoni na kikombe."

"Nilikuwepo."

"Ulisikia."

"Nilisikia, dada. Chai ilinipoa mkononi." Mzee alivua kofia akaizungusha. Alikuwa karibu kustaafu, na mafao yake yalipita mikononi mwa Mhariri Mkuu. "Lakini mhakiki hawi shahidi wa kadi anayoihakiki. Ni kanuni."

"Kanuni ya nani?"

Mzee alimwangalia Mhariri Mkuu. Alipiga mstari mwekundu juu ya ile kadi, kwa rula, akairudisha mezani. Funguo zilizoyeyuka kiunoni mwa mtu zilikuwa na muhuri. Kivuli kilichokimbia mwili kilikuwa na muhuri. Mtoto aliyekufa ng'ambo ya barabara, hana.

Hapo ndipo Bi Vitenzi alipofungua droo. Alikuwa ameandika kadi ile tangu juma la kwanza, na kila siku aliigusa kabla ya kwenda nyumbani. Ilisema kwamba Mhariri Mkuu alimpoteza binti yake. Aliishika. Ilimwasha vidoleni, naye alitaka, tusimpambe, alitaka kuipeleka kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine. Mtu huyu alijua kilichoandikwa humo na bado akasema hakumbuki. Kule ukumbini mtoto alikosea saba mara nane, akajisahihisha, akaendelea na tisa.

Aliichana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Bi Vitenzi aliujua mno, hakuweza kuutia mkononi mwa muuguzi mwingine na pazia lingine. Lakini hakuwa amesamehe. Alivuta kadi mpya akaandika upesi: *Binti wa Mhariri Mkuu alimpoteza baba yake.* Asife mtu, alijiambia. Mtoto abaki na afya yake, na huyu asikie utamu wa kuitwa na asiweze kuitika.

Mzee Muhuri alienda kwenye benchi. Mhariri Mkuu alimfuata, akasimama mbele ya binti yake, mkono ameunyoosha.

"Twende nyumbani, mama," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita kwa mapenzi.

Mtoto alitazama ukumbi uliokuwa nyuma ya baba yake, kana kwamba mbele yake hapana mtu.

"Baba yako yuko wapi?" Mzee Muhuri aliuliza.

"Baba nimempoteza," mtoto akasema, akaanza kulia, si kwa kelele.

Muhuri ukagongwa. Juzuu ya kwanza, A hadi L, ikaenda kwa mpiga chapa.

Mtoto alivaa nguo za msiba. Mama yake alimwona mumewe vizuri kabisa na alimpakulia chakula kila jioni, lakini alipokea pole za majirani kwa niaba ya mtoto, akaazima viti vya wageni. Mhariri Mkuu mwenyewe alikaa kwenye mojawapo. Mchana na usiku wa siku zile alimwita binti yake kwa jina, kwa nasaba, kwa majina ya utotoni. Alimshika bega, mtoto alivuta shuka akidhani ni baridi.

Kamusi ilizinduliwa katika ukumbi wenye feni. Mhariri Mkuu alivishwa nishani, ikamteremka mpaka tumboni kwa wembamba. Katika ukurasa wa shukrani alimshukuru mpiga chapa, fundi wa vitasa, na subira ya familia yake. Bi Vitenzi alisoma ukurasa huo mara moja akaufunga. Wageni walisifu sana mifano ya kitenzi cha mwisho. Mmoja alisema mtunzi lazima awe ameteseka, na Mhariri Mkuu akainamisha kichwa kukubali.

Ofisini mambo yalirudi kawaida. Alasiri mtoto aliendelea kuja, kwa kuwa ndipo alipozoea kumngoja baba yake, akasogeza benchi mpaka karibu na meza ya Bi Vitenzi. Alifanya hesabu zake hapo. Baba yake alitoka ofisini akasimama nyuma ya benchi mpaka mtoto alipomaliza. Bi Vitenzi aliwaona wote wawili. Kwa siku za mwanzo alikunywa mandhari ile kama mtu aliyetoka jangwani.

Kisha alasiri moja mtoto aliweka penseli chini.

"Mama, na wewe ilikuwaje? Siku ile ya rafiki yangu. Ulikuwa naye?"

"Sikuwa naye. Nilikuwa hapa."

"Mbona hukwenda? Si hapo tu?"

Bi Vitenzi aliweka kadi zake chini. Alikuwa ameingoja midomo ya mtu yeyote imuulize swali hilo. Nyuma ya benchi Mhariri Mkuu alishika kamba ya suruali yake kwa mikono miwili.

"Niliomba ruhusa," Bi Vitenzi akasema polepole, neno kwa neno. "Nikanyimwa."

"Nani alikunyima?"

"Baba yako."

Mtoto alimwangalia. Hakukasirika. Macho yake yalijaa huruma, huruma ya mtu mzima kwa mtu aliyechanganywa na majonzi, na aliushika mkono wa Bi Vitenzi kama watu walivyoushika wake katika siku za msiba.

"Hapana, mama," akasema. "Baba yangu hakuwa mtu wa namna hiyo. Muulize yeyote. Tangu nimpoteze, kila mtu ananiambia alivyokuwa mwema."

Mtunzi wa herufi G alijifanya anatafuta mkasi. Mzee Muhuri alikuwa ameinamia kadi ambayo haikuwa na maandishi.

"Labda nimekosea," alisema Bi Vitenzi.

"Si kosa," mtoto akamwambia. "Ni uchungu tu. Utapoa."

Mhariri Mkuu alifuta macho, akamshukuru binti yake kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye duka la vitanda kule chini. Mtoto alikuwa akitafuta jibu la saba mara nane. Bi Vitenzi alimtajia, akavuta sanduku la kadi, na akaanza herufi M.